Mtutu Peke Yake Ni Silaha: Unachopaswa Kujua Kabla ya Kuagiza Seti ya Kubadilisha Kaliba ya Bastola

Ikiwa unamiliki bastola kihalali, huenda umewahi kuona kwenye simu yako tangazo la seti ya kubadilisha kaliba. Ni kifurushi kidogo chenye mtutu, springi, magazini na pengine slaidi. Muuzaji wa ng'ambo anasema ukikifunga kwenye bastola yako ya milimita 9 utaweza kufyatua risasi ndogo za bei nafuu, kisha jioni uirudishe bastola ilivyokuwa. Mara nyingi tangazo huongeza kwamba leseni haihitajiki.

Maneno hayo huenda ni kweli mahali alipo muuzaji. Hapa Kenya si kweli. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mtutu peke yake ni silaha, hata kama haujafungwa kwenye bastola na hata kama nyumbani hakuna risasi hata moja. Mtu akiupokea bila cheti kinachoutaja, anaweza kushtakiwa kama aliyekutwa na bastola nzima, na adhabu yake ni kifungo cha miaka kadhaa jela.

Makala haya yanaeleza seti hizi ni nini, sheria inasema nini, hatua za kufuata kabla ya kununua, na la kufanya ikiwa kitu kama hicho tayari kiko nyumbani mwako. Yamekusudiwa wenye vyeti vya silaha, lakini pia wake, waume na watoto wao, kwa maana mara nyingi wao ndio hupokea vifurushi na ndio huachiwa silaha mwenyewe anapofariki.

NANI ANATOA RUHUSA

Tuanze na jambo ambalo huwachanganya wengi. Serikali ya kaunti haitoi leseni ya silaha. Kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, huduma za polisi ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Msimamizi wa wadi, afisa wa utekelezaji wa sheria za kaunti au karani wa leseni za biashara hana mamlaka ya kukuruhusu kumiliki bastola wala kipande chake. Leseni ya duka unayolipia kaunti kila mwaka haimpi mwenye duka haki ya kuuza vifaa vya silaha.

Mamlaka hayo yako kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Bodi hii iliundwa kupitia marekebisho ya sheria za usalama ya mwaka 2014. Kazi zake ni pamoja na kuchunguza kama mwombaji anafaa, kutoa vyeti, kuvibadilisha au kuvifuta, kuwasajili raia wenye silaha pamoja na wauzaji, na kutunza kumbukumbu za silaha zilizo mikononi mwa raia. Wenye silaha wengi wanakumbuka ukaguzi ulioanza Desemba 2018, ambapo kila raia mwenye cheti alitakiwa kufika mbele ya Bodi kukaguliwa upya.

SETI HII NI KITU GANI

Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na ndiyo huamua risasi ya kutumiwa. Bastola ya milimita 9 haiwezi kufyatua ipasavyo risasi ya kaliba nyingine mpaka sehemu kadhaa zibadilishwe. Seti ya kubadilisha kaliba ni mkusanyiko wa sehemu hizo.

Idadi ya sehemu zinazobadilishwa hutegemea kaliba unayotoka na ile unayokwenda. Katika baadhi ya bastola, kutoka kaliba ya .40 kwenda milimita 9 huhitaji mtutu na magazini tu. Kutoka milimita 9 kwenda kaliba ya .22 ni kazi kubwa zaidi. Risasi ya milimita 9 hugongwa na pini katikati ya kitako chake, ilhali ile ya .22 hugongwa ukingoni. Tena ya .22 ni dhaifu mno kusukuma slaidi nzito ya milimita 9. Kwa hiyo seti ya namna hiyo huja na mtutu wake, slaidi yake, springi yake na magazini yake. Kampuni ya CZ ya Ucheki, ambayo bastola zake Wakenya wengi huziita Ceska, imewahi kutengeneza seti iitwayo Kadet inayofungwa juu ya bastola ya CZ 75 na kuifanya ya kaliba ya .22.

Sababu za watu kuzitaka seti hizi si za kihalifu. Risasi ya .22 ni ya bei ya chini, haina mshindo mkubwa, na bastola hairuki sana mkononi. Kichwa cha risasi hiyo huwa na uzito wa kama gramu 2.6, wakati cha milimita 9 hufika gramu 7 hadi 8. Anayejifunza shabaha hufaidika kwa kufanya mazoezi mengi na bastola ile ile aliyoizoea. Katika Olimpiki, mashindano ya bastola ya mita 25 hutumia kaliba ya .22. Sheria haimwoni mtu mbaya kwa kutaka seti kama hiyo. Inachomtaka ni aombe ruhusa kwanza.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 2 cha Sheria ya Silaha ndicho kinachotoa maana ya silaha. Kinaanza na kile ambacho kila mtu angetarajia: chombo chenye mtutu kinachoweza kufyatua risasi na kuua, au kinachoweza kurekebishwa kifanye hivyo. Kisha kinaendelea na kujumuisha mtutu, bolti, chemba, au sehemu nyingine yoyote muhimu ya chombo hicho. Hata kifaa cha kupunguza sauti au mwako wa risasi kimejumuishwa.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mtu hudhani silaha ni kitu kizima kilicho tayari kufyatuliwa. Mbele ya sheria, kila moja ya sehemu hizo ni silaha inayojitegemea. Ukiwa na bastola moja na seti moja yenye mtutu wake, una silaha uliyopewa cheti na mtutu wa pili ambao lazima nao uwe na kibali.

Kifungu cha 4 kinakataza mtu yeyote kununua, kupata au kuwa na silaha au risasi bila cheti kinachotumika. Angalia neno "kupata". Si kununua pekee. Zawadi kutoka kwa shemeji aliye Marekani ni kupata. Kuazimwa na rafiki mliyekutana uwanja wa shabaha ni kuwa nayo.

Adhabu chini ya kifungu hicho ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 10. Ikiwa silaha ni ya aina iliyopigwa marufuku, kifungo ni kati ya miaka 7 na 15. Mtu aliyeishi na cheti halali kwa muda mrefu bila doa lolote anaweza kupoteza vyote, yaani uhuru wake, cheti chake na bastola yake ya awali, kwa sababu ya kipande cha chuma kinachoingia ndani ya bahasha.

Je, springi na magazini? Hizo hazikutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Lakini maneno "sehemu nyingine muhimu" ni mapana, na slaidi ni vigumu kuiondoa humo kwa kuwa ndiyo inayofunga chemba na kubeba pini. Mwenye silaha asijiamulie mwenyewe kipi ni muhimu na kipi si muhimu. Aulize Bodi kwa maandishi, na ahifadhi jibu.

KWA NINI MTANDAONI WANASEMA VINGINE

Maelezo mengi ya mtandaoni kuhusu seti hizi yanatoka Marekani. Huko, chini ya sheria ya kitaifa ya mwaka 1968, sehemu inayohesabiwa kuwa silaha ni fremu, yaani kile kiunzi cha bastola chenye mshikio na chenye namba ya usajili. Mtutu na slaidi huuzwa kama vipuri vya gari, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake zaidi. Kwa hiyo Mmarekani akisema alinunua seti bila leseni, pengine anasema ukweli. Hata hivyo, kuutoa mtutu huo Marekani na kuupeleka nchi nyingine husimamiwa na sheria za huko za kusafirisha bidhaa nje.

Nchi nyingine zina utaratibu tofauti. Sheria ya Umoja wa Ulaya, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inataja mtutu, fremu, slaidi, silinda na bolti kuwa sehemu muhimu za silaha. Nchini Ujerumani, seti ya kubadilisha kaliba huandikishwa kwa mamlaka kwenye kadi ya mwenye silaha. Afrika Kusini nayo huhesabu mtutu kuwa silaha chini ya sheria yake ya mwaka 2000.

Kenya iko upande huo wa pili. Ushauri wa video uliorekodiwa Texas hautakusaidia mbele ya hakimu wa Kenya.

KWA NINI SERIKALI INAJALI KIPANDE

Baadhi ya wakaazi huuliza: kama tayari nimeaminiwa kuwa na bastola, mtutu wa ziada una ubaya gani? Sababu ziko tatu.

Kwanza ni uchunguzi wa uhalifu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi inapotoka, na mifereji hiyo huacha mikwaruzo kwenye kichwa cha risasi. Ganda linalobaki hubeba alama ya pini na ya uso wa slaidi ulioligonga. Kwa alama hizo, mtaalamu wa balistiki hulinganisha risasi iliyookotwa mahali pa tukio na bastola fulani. Ukibadilisha mtutu na slaidi, umebadilisha karibu alama zote hizo. Bastola inabaki na namba ile ile kwenye fremu, lakini risasi zake zinaonekana kana kwamba zimetoka kwenye silaha nyingine. Kumbukumbu za Bodi hazitakuwa na maana ikiwa sehemu zinazoacha alama hazijulikani.

Hili linamlinda pia mwenye silaha mwaminifu. Bastola yako ikiibwa na kutumika katika wizi wa mabavu, kumbukumbu sahihi ndizo zitakazoonyesha ilikuwa na sehemu zipi, zilikuwa kwa nani, na ziliripotiwa kupotea siku gani.

Pili ni risasi. Cheti hutaja pia risasi unazoruhusiwa kuwa nazo na kiasi chake. Mwenye cheti cha milimita 9 akipata seti ya .22 atahitaji risasi za .22, ambazo cheti chake hakizitaji. Hapo kosa moja huzaa la pili, kwa sababu risasi bila kibali ni kosa lenyewe, hata ikiwa moja tu imesahaulika mfukoni.

Tatu ni usalama wa mwili. Kaliba zikichanganywa, ajali haiko mbali. Risasi ya milimita 9 ni nyembamba kuliko mtutu wa .40, ambao upana wake ni kama milimita 10. Inaweza kuingia humo na hata kufyatuka, kisha ganda likapasuka na gesi moto ikatoka karibu na mkono na macho ya mpigaji. Mwenye seti mbili na magazini mbili zinazofanana anahitaji nidhamu ya kutenganisha kila kitu, na si kila nyumba ina nafasi ya kufanya hivyo.

Kuna pia wajibu wa kikanda. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004, inazitaka nchi wanachama kuhakikisha silaha zinatiwa alama zinapotengenezwa na zinapoingizwa nchini. Mitutu mingi ya vipuri huuzwa mtandaoni bila namba yoyote. Kifaa kisicho na namba hakiwezi kufuatiliwa, na ndicho majambazi hukipenda.

HATUA ZA KUFUATA

Ikiwa una cheti na una sababu ya kweli ya kutaka seti, fuata mpangilio huu. Usiuruke wala kuupindua.

1. Soma cheti chako. Angalia aina ya silaha, namba yake, kaliba na kiasi cha risasi. Kisichoandikwa humo hujaruhusiwa kuwa nacho. Hakikisha pia muda wa cheti haujaisha.

2. Peleka ombi kwa Bodi kabla ya kulipa chochote. Eleza kwa maandishi seti unayoitaka, mtengenezaji wake, kaliba, sehemu zilizomo, bastola itakayofungwa na sababu yako. Kwa mpiga shabaha, barua ya klabu au ya uwanja uliosajiliwa inaweza kuonyesha kwamba mazoezi ni ya kweli. Kumbuka kwamba Bodi ina haki ya kukataa. Ndiyo sababu hatusemi ulipe kwanza uombe baadaye.

3. Pitia kwa muuzaji aliyesajiliwa. Biashara ya kuuza, kutengeneza au kurekebisha silaha imeachiwa wauzaji waliosajiliwa chini ya sheria hii. Muulize akuonyeshe usajili wake. Mtu anayekutumia picha za mitutu kwenye WhatsApp na kutaka alipwe kwa M-Pesa kabla ya kukuonyesha karatasi ni wa kuepukwa.

4. Hakikisha kuna kibali cha kuingiza. Silaha haiingii Kenya bila kibali, na kama tulivyoona, mtutu ni silaha. Kibali hupatikana kabla mzigo haujaondoka huko unakotoka. Kuandika "vipuri vya mashine" au "vyombo vya michezo" kwenye fomu ya forodha ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

5. Kagua namba. Kabla ya kukubali seti, uliza mtutu na slaidi vina namba gani na vimepigwa wapi. Kama havina, usivichukue mpaka upate maelezo ya Bodi kuhusu utiaji alama.

6. Subiri cheti kibadilishwe ndipo uichukue seti. Risiti ya ombi si ruhusa. Maneno ya afisa kwa simu si ruhusa. Ruhusa ni maandishi kwenye cheti chako.

7. Nunua risasi kulingana na cheti kipya, na usizidishe kiasi kilichoandikwa.

8. Hifadhi seti kama unavyohifadhi bastola yenyewe: kwenye sefu iliyofungwa, mbali na watoto na wageni. Ikipotea au ikiibwa, ripoti polisi bila kuchelewa na upate namba ya OB.

YALE AMBAYO HAYARUHUSIWI KABISA

Baadhi ya vifaa huuzwa pamoja na seti hizi kana kwamba ni vya kundi moja. Sivyo. Kifaa kinachoifanya bastola iendelee kutema risasi mfululizo kidole kikiwa kimebana triga huigeuza kuwa silaha iliyopigwa marufuku. Hapo ndipo kifungo cha miaka 7 hadi 15 kinapoingia. Hakuna mazoezi wala mchezo wa raia unaohalalisha kifaa hicho.

Kifaa cha kuzima sauti nacho, kama tulivyoeleza, kimehesabiwa ndani ya maana ya silaha. Usikipokee hata kama muuzaji amekuongezea bure.

Mtutu uliochongwa na fundi wa jua kali ni hatari mara mbili. Mafundi wetu wana ujuzi mkubwa, lakini kuchonga mtutu bila usajili ni utengenezaji wa silaha, na anayeuagiza na anayeuchonga wote wawili wanajiingiza matatani. Zaidi ya hayo, chuma kisichopimwa kwa shinikizo la risasi kinaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Tahadhari vilevile na bastola za kuigiza au za kulipua baruti tupu zinazouzwa pamoja na "mtutu wa kubadilisha". Sheria inataja pia chombo kinachoweza kurekebishwa kifyatue risasi. Neno "mwanasesere" kwenye boksi halitakuokoa.

IKIWA TAYARI IKO NYUMBANI

Pengine unasoma haya ukiwa tayari na mtutu wa ziada kwenye droo. Pengine uliununua miaka iliyopita bila kujua, au ulikuta kwenye sanduku la marehemu baba. Mambo machache ni muhimu.

Usiutupe. Mtutu uliotupwa jaani au mtoni unaweza kuokotwa na mtu mwingine. Usiuuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na usimpe rafiki mwenye cheti akutunzie, kwa sababu cheti chake nacho hakiutaji.

Usiubebe barabarani kabla ya kuzungumza na mtu. Ukikutwa nao kwenye matatu au kwenye kizuizi cha polisi, itakuwa vigumu kueleza kwamba ulikuwa njiani kuusalimisha. Zungumza kwanza na wakili ikiwa unaweza kumpata, kisha wasiliana na mkuu wa kituo cha polisi cha karibu, au mpitie chifu wako akuunganishe naye. Eleza unacho kitu gani na kilifikaje kwako, na uombe maelekezo ya namna kitakavyochukuliwa. Unapokikabidhi, dai maandishi: namba ya OB, jina na cheo cha afisa aliyepokea, na maelezo ya kifaa chenyewe.

Mara kwa mara serikali hutangaza muda wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, hasa katika maeneo yenye wizi wa mifugo. Msamaha huo hutangazwa rasmi na una mwisho. Nje ya muda huo, jarida hili haliwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa maswali. Linachoweza kukwambia ni kwamba aliyejitokeza mwenyewe ana maelezo ya kutoa, na aliyefumaniwa hana.

MASWALI YA WAKAAZI

Nina cheti cha bastola ya milimita 9. Je, hakijumuishi vipuri vyake?

Cheti kinajumuisha silaha iliyotajwa, pamoja na mtutu uliomo ndani yake. Mtutu wa pili haukutajwa, hivyo hauna kibali. Haijalishi kwamba hauwezi kufyatua chochote bila fremu yako.

Mtutu wangu umechakaa na nataka mpya wa kaliba ile ile. Je, hiyo pia inahitaji ruhusa?

Ndiyo. Huo ni mtutu mpya unaoupata, hata kama kaliba haibadiliki. Ifanye kazi hiyo kupitia muuzaji aliyesajiliwa na kwa kibali cha Bodi. Usisahau wa zamani: ungali silaha baada ya kuondolewa kwenye bastola. Uliza uukabidhi kwa nani, na upewe karatasi ya kuonyesha uliishia wapi.

Rafiki yangu ana seti iliyoandikishwa. Naweza kuiazima kwa wikendi moja?

Hapana. Cheti ni cha mtu binafsi. Seti ikihama kwenda nyumbani kwako, wewe unakuwa na silaha bila cheti na yeye anakuwa ameitoa kwa asiyeruhusiwa. Urafiki haubadilishi jambo hilo, wala ndoa.

Ndugu yangu anakuja likizo kutoka ng'ambo. Anaweza kuniletea mtutu ndani ya sanduku lake?

Usimwombe kabisa. Mashine za uwanja wa ndege zinaona chuma, na atakayekamatwa kwanza ni yeye. Atakuwa ameingiza silaha bila kibali, pengine bila hata kujua kwamba ni kosa, huku akiwa amekuja kuwaona wazazi tu.

Kifurushi kimeletwa nyumbani wakati mume wangu hayupo, na ndani kuna kitu kama mtutu. Nifanye nini?

Usikitumie, usikifiche, na usikirudishe posta kimyakimya. Kiweke mahali watoto hawafiki, hifadhi karatasi zote za kifurushi zenye jina la mtumaji na tarehe, na upige simu kituo cha polisi kuomba maelekezo siku hiyo hiyo.

Marehemu mume wangu aliacha bastola na seti iliyoandikishwa. Je, ni mali ya kurithi kama shamba?

Thamani yake inaweza kuwa sehemu ya mirathi, lakini cheti hakirithiwi. Kilikuwa chake na kimeishia naye. Ripoti kituo cha polisi mapema, mkabidhi bastola pamoja na sehemu zote za seti, na mpate maandishi. Mtoto anayetaka kuimiliki ataomba cheti chake mwenyewe na kuchunguzwa kama mwombaji mwingine yeyote. Familia nyingi huacha silaha kabatini mpaka baada ya arobaini au mpaka kesi ya mirathi iishe. Kila siku inayopita, mtu aliye na ufunguo wa kabati hilo ana silaha bila cheti.

KWA UFUPI

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, jiulize maswali matatu. Je, kitu hiki ni mtutu, bolti, chemba au sehemu nyingine muhimu ya silaha? Je, cheti changu kinakitaja? Je, nina kibali cha kukiingiza nchini? Ikiwa jibu la swali la kwanza ni ndiyo na la mojawapo ya mengine ni hapana, funga ukurasa huo na uandikie Bodi kwanza.

Ukiwa na habari kuhusu silaha haramu au sehemu zake zinazouzwa mtaani, piga simu ya polisi 999 au 112, au mweleze chifu wako. Kwa maswali kuhusu cheti chako, wasiliana na Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha au ulize kituo cha polisi cha karibu namna ya kuifikia. Makala haya ni ya kuelimisha umma na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili. Ukiwa na jirani au jamaa mwenye bastola, mpitishie nakala hii aisome.